Mwisho wa reli na pingi: ucheze na wa Bujumbura au wa Johannesburg?

Jioni moja kijana wa Katubuka alisimama mlangoni mwa kibanda changu cha gemu, hapa Mwanga, mjini Kigoma, akaniuliza: "Mjomba, nina washkaji wawili. Mmoja yuko Bujumbura, mwingine kahamia Johannesburg. Nicheze na yupi gemu isigande?"

Jibu lilikuwa mdomoni tayari. Bujumbura ni hapo tu, kama kilomita 170 ukipima kwa rula kwenye ramani. Johannesburg ni kule ambako mtu akienda anaagwa na ukoo mzima. Nilitaka kumwambia "wa Bujumbura" nirudi kwenye pedi iliyovunjika niliyokuwa naigundisha. Nikajizuia, maana wiki hiyo hiyo vijana wawili wa nyumba moja walikaa kwenye benchi langu, magoti yanagusana, wakipigana risasi kwenye gemu na kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba mtandao wake mbovu. Ingekuwa umbali wa watu ndio unaogandisha gemu, hao wasingeganda hata kidogo.

Umbali wa kuanzia wapi hadi wapi

Gemu nyingi za mtandaoni haziwaunganishi wachezaji moja kwa moja. Kila simu inazungumza na seva, yaani kompyuta iliyo ndani ya jengo katika jiji fulani, na seva ndiyo inayoamua nani kapiga na nani kafa. Kama seva iko Frankfurt, risasi ya yule wa kushoto kwenye benchi langu inatoka Mwanga, inakwenda Dar es Salaam, inazama baharini, inapita Bahari ya Shamu na Misri, inafika Ujerumani, inahukumiwa, kisha habari ya kifo inarudi njia yote hiyo hadi kwa ndugu yake aliyeketi sentimita 20 kando yake. Kwa gemu za namna hii usiulize rafiki yako yuko wapi. Uliza wewe uko mbali kiasi gani na seva, na yeye yuko mbali kiasi gani na seva hiyo hiyo.

Pingi ni muda wa safari hiyo, kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Milisekunde 1,000 ni sekunde moja. Nuru ndani ya faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba data, hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, theluthi mbili ya kasi yake kwenye anga tupu. Kwa hiyo kila kilomita 100 za umbali zinakula milisekunde 1 kwenda na kurudi. Hesabu hii naipenda kwa sababu hakuna bando la kuivunja, hata ununue la bei gani.

Sisi ni mwisho wa reli. Reli ya Kati ilifika hapa 1914, kama kilomita 1,250 kutoka Dar, na abiria wa treni mpaka leo analala njiani. Data ikipita umbali kama huo kwenye Mkongo wa Taifa, njia kuu ya faiba ya nchi, inakula milisekunde 12 au 13, kwenda na kurudi. Hapa mjini kuna imani kwamba tunaganda kwa sababu tuko mbali na Dar. Kufumba na kufumbua jicho kunachukua zaidi ya milisekunde 100! Dar tuiache, haina kosa. Matatizo yako mawili: yale ya kabla data haijaondoka Kigoma, na yale ya baada ya Dar.

Baada ya Dar: seva ya wapi?

Ukifungua mipangilio ya gemu utakuta mahali pa kuchagua eneo la seva. Nimepiga hesabu ya njia ya Kigoma hadi Dar, halafu Dar hadi kwenye jiji lenyewe kama ndege anavyoruka:

| Seva iko | Kilomita, kupitia Dar | Pingi ya chini kabisa |
|---|---|---|
| Johannesburg | 3,750 | 37 |
| Cape Town | 4,950 | 50 |
| Dubai | 5,250 | 52 |
| Mumbai | 5,950 | 60 |
| Frankfurt | 8,250 | 82 |
| Singapore | 8,450 | 85 |
| Virginia, Marekani | 14,000 | 140 |

Pingi hizo huwezi kuziona kwenye simu yako. Ni sakafu, na wewe utakuwa juu yake. Mkongo wa baharini haunyooki kama rula: unafuata pwani, unazunguka, unaingia nchi hii na ile, na kila ruta njiani, yaani kifaa kinachoelekeza data, inachukua chake. Zidisha kwa moja na nusu mpaka mara mbili ndipo utaikaribia hali halisi, kisha ongeza ya mnara wa simu ambayo nitaifikia. Johannesburg inakuwa 60 hadi 75. Frankfurt inapita 120 na huweza kufika 165.

Kwa hiyo gemu ikikupa Afrika Kusini, chukua Afrika Kusini bila kufikiri mara mbili. Counter-Strike ina seva huko. Nyingine hazina Afrika kabisa: Fortnite inakupa Mashariki ya Kati na Ulaya, na gemu nyingi za simu zinafanya hivyo hivyo. Hapo watu wengi hubaki na Ulaya kwa sababu ndiyo iliyokuja imechaguliwa. Kwa karatasi, Mashariki ya Kati ni karibu zaidi kwa milisekunde 30.

Kwa karatasi, nasema. Kuna laini ambazo data yake ya kwenda Dubai hupanda kwanza hadi Ulaya, kisha inashuka kurudi Ghuba, kwa sababu kampuni ya laini yako na ile inayopokea data huko Ghuba zimekubaliana kukutana Ulaya. Ni kama kutoka Ujiji kwenda Gungu kupitia Kasulu. Ikiwa ndivyo ilivyo kwenye laini yako, Ulaya itakuwa na pingi ndogo kuliko Dubai ingawa ramani inakataa. Jaribu zote mbili usiku mmoja, mechi tatu tatu, uangalie namba ya pingi pembeni ya kioo. Ramani ikigombana na namba, fuata namba.

Wa Bujumbura na wa Johannesburg

Sasa turudi kwa kijana wa Katubuka, maana swali lake lina majibu matatu.

Kama gemu ni ya risasi na seva iko Johannesburg, rafiki wa Johannesburg yuko nyumbani kwao. Pingi yake inaweza kuwa 10, yako 70. Katika sekunde ambayo mnachunguliana kwenye kona ya ukuta, yeye anakuona na kubonyeza, na habari yake inafika kwa hakimu milisekunde nyingi kabla ya yako. Mhusika wa gemu anayekimbia mita 6 kwa sekunde anasogea sentimita 36 ndani ya hizo 60 mlizopishana. Ni upana wa mwili. Wa Bujumbura hana faida hiyo: Burundi haina bahari, data yake lazima ivuke nchi ya jirani ndipo ifike pwani, na huko Johannesburg atafika amechoka kama wewe. Mtakuwa na pingi mbaya zinazofanana, na mechi kati yenu itakuwa ya haki. Ukitaka gemu laini, cheza kwenye seva iliyo karibu nawe. Ukitaka kushindana na mtu kwa heshima, cheza na mwenye pingi kama yako, hata kama nyote mko kwenye 130.

Kama seva iko Dubai, wa Johannesburg anapoteza faida yake. Kutoka kwake hadi Dubai ni kama kilomita 6,400 kwa rula, na wewe kupitia Dar una 5,250. Mko karibu sawa. Kwa hiyo mkigombea mechi ya hela ya soda, msikubali achague seva mwenye seva mlangoni. Chagueni ya mji wa tatu.

Jibu la tatu ndilo lililonisumbua. Gemu nyingi za mpira na za kupigana ngumi, mkiwa wawili tu, haziweki seva katikati. Pedi yako inaongea na pedi ya mwenzako. Hapo umbali wa wachezaji unarudi kuwa na maana, na ungetegemea Bujumbura ashinde kwa mbali. Lakini data ya laini yako na ya laini yake haivuki mpaka wa Manyovu kwa sababu tu mpaka uko karibu. Inakwenda hadi pale kampuni zenu mbili zinapobadilishana mizigo. Zikibadilishana Dar, njia nzima ni kama kilomita 2,400, sakafu milisekunde 24, na Johannesburg yenye 37 imepigwa. Zikibadilishana Ulaya, data yako inapanda kilomita 8,250, inashuka karibu nyingine kama hizo hadi Burundi, na sakafu inapita 160. Rafiki wa kilomita 170 anakuwa mbali zaidi ya mara nne kuliko yule wa Johannesburg.

Hata wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, hali ni hiyo. Siku anga likiwa safi unaiona milima ya Kongo ukiwa umesimama Kibirizi, na Kalemie yenyewe ni kama kilomita 130 kutoka hapa. Boti la mzigo linajua njia fupi. Data huenda haijui.

Huwezi kujua kwa kukisia. Pakua programu ya kupima njia, ile inayoonyesha kila ruta data inapopita, muombe rafiki akupe anwani yake ya intaneti, upime. Ukiona namba inaruka ghafla kutoka 40 hadi 170 kati ya kituo kimoja na kinachofuata, na ikabaki huko juu mpaka mwisho, hapo data imevuka bahari. Au fupisha: chezeni mechi mbili za majaribio. Gemu nyingi za mpira huonyesha mistari ya ubora wa mtandao wa mpinzani kabla hujakubali mechi. Watu wanabonyeza haraka haraka bila kuiangalia, halafu wanakuja kuniuliza mimi.

Na wale wa benchi moja? Kama gemu ina sehemu ya kucheza kwa WiFi ya ndani, mmoja awashe hotspoti, mwingine aunganishe, bando lisiguswe. Pingi inakuwa milisekunde chache tu. Hapa hakuna cha kulinganisha.

Kabla ya Dar: faiba, 4G, setilaiti

Milisekunde 13 za reli ni kidogo ukilinganisha na zinazopotea kati ya kiganja chako na mnara. Kwenye 4G simu haitumi data inapotaka. Inaomba zamu kwa mnara, inasubiri, inatuma. Mnara ukiwa mtupu zamu inakuja upesi, na sehemu hiyo peke yake inakula 30 hadi 50. Saa mbili usiku, mji mzima ukiangalia video, foleni inarefuka na pingi inaruka 60, 90, 240, 70, 180. Simu ikirudi kwenye 3G, anzia 100 kwa mnara tu. Mji wetu ni wa vilima, na kuna vyumba ambavyo mnara uko nyuma ya kilima kabisa. Kusogea mita tatu hadi dirishani kumewahi kunisaidia kuliko kubadilisha laini.

Faiba ya nyumbani, pale ilipofika, inatumia milisekunde chache kwenye kipande hicho na haina foleni ya namna ile. Kati ya faiba ndogo ya Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde) na 4G ya Mbps 60, kwa gemu chukua faiba ndogo. Hapa ndipo watu wanapotupa hela. Kasi ya Mbps ni ukubwa wa lori, pingi ni muda wa safari. Gemu yenyewe hubeba mzigo mdogo sana, aghalabu haifiki MB 150 kwa saa. Ni bahasha, na bahasha inahitaji bodaboda, haihitaji Fuso. Fuso utalihitaji siku gemu inaposasishwa na kudai GB kadhaa.

Lakini faiba ikiishia kwenye ruta ya sebuleni na wewe uko chumba cha tatu ukitumia WiFi kupita kuta mbili za tofali, umeirudisha foleni ndani ya nyumba. Waya ndio bora. Ukishindwa waya, tumia WiFi ya gigahezi 5 ukiwa chumba kimoja na ruta, na 2.4 ukiwa mbali. Na kabla hujamlaumu mtu wa Dar, angalia kama dada hajaanza kupandisha video yake wakati unapiga penalti.

Setilaiti zipo za aina mbili na watu wanazichanganya. Ile ya zamani inakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, jumla kilomita 143,000, karibu nusu sekunde kabla ya kuhesabu chochote kingine. Kwa barua pepe sawa, kwa gemu ya risasi sahau. Zile za chini, za kilomita 550 hivi, hazina tatizo hilo. Zinapopatikana zinashindana na 4G nzuri.

Jambo dogo kwa wa Kagunga na vijiji vya mpakani: simu ikikamata mtandao wa nchi jirani, data yako huweza kuzungushwa kurudi nchini kabla ya kwenda kokote, na bei nayo inapanda. Zima roaming.

Pingi ndogo au pingi tulivu?

Kati ya laini inayokaa 110 saa zote na laini inayocheza kati ya 50 na 200, nachagua 110. Vidole vinazoea. Ukijua mpira utaitikia kwa kuchelewa kidogo, unabonyeza mapema kidogo, na baada ya mechi tano umesahau. Pingi inayorukaruka haizoeleki. Mbaya kuliko zote ni pakiti, yaani vipande vya data, kupotea njiani, ambapo mchezaji wako anakimbia hewani kisha anarudishwa nyuma alipokuwa.

Aina ya gemu nayo inaamua. Sataranji mtandaoni haina wasiwasi: seva za Lichess ziko Ufaransa, na programu yenyewe inakufidia muda uliopotea njiani, hivyo kucheza dakika 10 kutoka Kigoma hakuna tofauti na kucheza kutoka Paris. Labda ile ya dakika moja. Mpira ni mkali zaidi. Penalti ya kilomita 90 kwa saa inavuka mita 11 kwa sekunde 0.44, pingi ya 200 inakaribia kula nusu ya muda wote wa kipa. Gemu za ngumi za kisasa zina mbinu ya kukisia mpinzani atafanya nini, kisha zikigundua zimekosea zinarudisha picha nyuma na kuirekebisha. Tony Cannon aliitengenezea programu iitwayo GGPO, na 2019 akaifungulia dunia nzima bure. Yenye mbinu hiyo inavumilia 100 bila malalamiko. Isiyo nayo inasubiri kila kitufe chako kifike, na kwenye 100 unahisi unapigana ndani ya uji.

Gemu za risasi zina ujanja wa aina nyingine. Seva inarudisha saa nyuma kuangalia wewe uliona nini ulipobonyeza, ndipo inahukumu. Wale ndugu wawili nilisimama nyuma yao nikaona vioo vyote viwili. Kwenye simu ya mdogo, alikuwa ameshaingia nyuma ya ukuta, mzima. Kwenye simu ya kaka, mdogo alikuwa bado nje, begi linaonekana. Kaka akapiga. Nusu sekunde baadaye mdogo akaanguka akiwa nyuma ya ukuta, akaruka kutoka kwenye benchi: "Nilishajificha, we mwizi!" Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Seva imemwamini aliyepiga.

Ushauri wa mwisho wa kiufundi ni kuhusu VPN, programu inayopitisha data yako kwenye seva nyingine kwanza, maana inauzwa kama dawa ya kila kitu. Inaongeza kituo kimoja njiani, kwa hiyo kwa kawaida inaongeza pingi. Inasaidia pale tu laini yako inapozungusha data vibaya na VPN ikaipeleka kwa njia fupi. Jaribu ya bure kwanza.

Na kuna siku hakuna uchaguzi. Jumapili ya 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya pwani yetu ilikatika na nchi ikabaki na uzi mwembamba. Nilifungua kibanda, nikaweka mpira wa pedi mbili kwenye runinga moja, pingi sifuri, na siku hiyo benchi lilijaa.

Kijana wa Katubuka alipima njia pale pale. Kwenda Bujumbura, namba ilipanda hadi 38, ikaruka 190, ikabaki huko. Johannesburg ilisimama kwenye 84. Kwa hiyo mpira wa pedi kwa pedi anacheza na wa Johannesburg. Wa Bujumbura wanakutana kwenye risasi, seva ya Dubai, ambako wote wawili wanalalamika sawasawa.